Lala Nkome kabla ya Rubondo

Kwa anayetoka Mwanza kwenda kutembea msituni Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria, daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko. Hata hivyo lala Nkome, Geita, uvuke asubuhi. Mchana upepo huinuka, ziwa huchafuka, mawimbi hupiga boti ubavuni na mabegi hulowa. Nguo zitangulie kwenye mfuko wa nailoni, ndipo ziingie begini. Ziwe za kaki, za kitambaa kizito: mbung'o hufuata bluu na nyeusi, na fulana nyepesi haiwazuii kuuma. Dawa na betri za akiba nunua Mwanza, maana Nkome ni mji wa wavuvi. Kisiwani usioge ufukweni, hata maji yakiwa shwari: mamba wapo, viboko pia.