Foleni iko wapi?

Jumatatu nilisimama nyuma ya Sista wa OPD (idara ya wagonjwa wa nje) nikiangalia anavyoingiza wagonjwa kwenye mfumo wa kompyuta. Akaandika herufi tatu, orodha ya magonjwa ikashuka, akabonyeza ya juu kabisa: B54, malaria.

"Shikamoo Sista, samahani, huyo MRDT yake, kipimo cha haraka cha malaria, imetoka hasi."

Hakugeuka. "Marahaba. Foleni iko wapi, mwanangu?"

"Imefika getini."

"Basi. Hiyo ya kwanza ndiyo ugonjwa wao wote mpaka saa nane."

Shangazi tumemzika Singida, wakaguzi wa mkoa wamekuja na kuondoka, na mimi kwenye basi nikawa bado nabishana na Sista kichwani. Namwambia: Sista, kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, B54 ni malaria ambayo haikuthibitishwa kwa kipimo. Mwenye vimelea vya falciparum ni B50. Aliyepimwa akakutwa hana, na homa haijajulikana imetoka wapi, huyo ni R50.9. Ukiwatia wote B54, huko juu wakijumlisha wataona malaria tupu, na chenyewe kilichompandisha mtoto joto hakuna atakayekitafuta. Namaliza kuhutubia, ananijibu vilevile: foleni iko wapi?

Na ana haki yake, ndiyo inayoniuma. Zama za Kitabu cha 5 cha MTUHA, ile rejesta ya karatasi ya wagonjwa wa nje, mwandiko ulikuwa balaa, lakini kalamu haikupendekezei cha kuandika.

Alhamisi nikamganda kijana wa mfumo mpaka akakubali: kipimo kikishaingizwa hasi, malaria ishuke chini, juu ije "Homa, chanzo bado", na R50.9 ijifiche nyuma yake. Jioni simu ikaita.

"Hii homa chanzo bado nani kaiweka?"

"Mimi, Sista."

Kimya. "Na kikohozi mnakishughulikia lini?"

Nimecheka peke yangu jikoni hadi mwanangu Juni akaja kuchungulia. Kwa Sista, hiyo ni pongezi! Kisha nikawaza: isije ikawa sasa wote ni R50.9 mpaka saa nane. Na ICD-11, toleo jipya la orodha hiyo, nayo iko njiani, ambako falciparum inaitwa 1F40 na tunaanza upya.

Mama kagoma kuondoka Singida mpaka arobaini ipite. Choo cha kule kiko mbali na nyumba, na ile kurunzi niliyomwachia sikumbuki kama ilikuwa na betri. Baba Juni anasema nalikuza jambo. Nani yuko Singida wiki hii ampelekee?