Nilivyoacha kupika vyungu vitatu kila wikendi

Kwetu katikati ya wiki tunakula watu wanne, mimi, mume wangu na wanangu wawili. Ijumaa jioni wanakuja watoto watatu wa mume wangu, binti wa miaka 13, kijana wa 9 na mdogo wa 5, tunakuwa saba mpaka Jumapili jioni. Sio kila wikendi, wanakuja moja wanaruka moja, na hapo ndipo hesabu ilikuwa inanipiga chenga maana mkono ukishazoea kupima mchele wa watu wanne unashtukia sufuria imekwisha na kuna mtoto bado ameshika sahani.

Mwaka wa kwanza nilikuwa napika vyakula vitatu. Cha wanangu, cha hawa watatu, na chetu watu wazima chenye pilipili. Nilitaka wajisikie wamepokelewa, na nilikuwa naogopa sana wakirudi kwa mama yao waseme hawakula. Matokeo yake Jumamosi nzima niko jikoni, Jumapili usiku namwaga nusu ya nilivyopika, na hela ya chakula ya siku mbili ikawa inakaribia ile ya siku tano za kawaida.

Ushauri niliopewa sasa. Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja, "Weka chakula kimoja mezani, asiyetaka alale na njaa, atazoea." Hilo lilinikera na linanikera mpaka leo. Mtoto wako wa kumzaa ukimfanyia hivyo atanuna, kesho kasahau. Mtoto aliyekuja na begi, analala kwenye kitanda ambacho sio chake kila siku, ukimlaza na njaa umemwambia kitu kingine kabisa, na hilo hasahau. Mwingine akaniambia niwe naagiza chakula tu Jumamosi nipumzike. Watu saba! Nilifanya mara moja, wiki iliyofuata nikawa nahesabu nyanya moja moja.

Basi nikaamua, chungu kimoja, wote. Nikaanza na maharage maana ni rahisi na yanashibisha. Usiku nikayaloweka vizuri, asubuhi nikabandika, na ili nisirudirudi jikoni nikatia kila kitu kwa mpigo, vitunguu, karoti, chumvi, na nyanya nyingi za kusaga, nikafunika nikaenda kufua. Baada ya lisaa nikaonja, magumu. Nikaongeza maji. Lisaa la pili, magumu. Nikaongeza moto, nikaongeza maji tena, mchuzi ukawa unanukia mpaka sebuleni na watoto wanakuja mmoja mmoja kuchungulia. Saa nane mchana nikashindwa kuvumilia nikapakua. Watoto watano mezani kimya, kijana wa miaka 9 akachukua harage moja akalibana na kijiko pembeni ya sahani, likateleza likaruka likagonga sakafu, tak, wote tukalisikia. Hakucheka mtu. Binti mkubwa akasema taratibu, "Anti, tunaweza kula mkate tu." Tukala mkate. Nilijifungia chumbani nikalia.

Kesho yake mama mmoja jirani, mtu mzima, nilipomweleza akaniuliza swali moja tu, "Nyanya umeweka saa ngapi mwanangu?" Kumbe nyanya ina asidi, na asidi inazuia maharage kulainika, ungechochea mpaka usiku. Yanachemshwa kwa maji matupu mpaka yabonyee kwa vidole, nyanya inakuja baada ya hapo. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea. Halafu kama unatumia yale mekundu makubwa, yale maji ya kulowekea mwaga, uchemshe kwa moto wa nguvu kuanzia dakika 10 na kuendelea kabla hujapunguza, maana yakiwa hayajaiva yana sumu inayotapisha. Moto mdogo wa taratibu peke yake hauiondoi.

Lakini kilichogeuza kabisa mambo sio maharage, ni mesej. Nilimwandikia mama yao. Mume wangu alikuwa anasita, akaniambia utaonekana unamchunguza, nikamwambia nauliza chakula tu. Nikaandika, "Shikamoo dada, naomba unisaidie, watoto wakija huku nataka wale vizuri, wanapenda nini na nini hawagusi?" Alijibu baada ya dakika chache, mesej ndefu. Wali wote wanakula. Kuku wanakula wale wawili wadogo. Kijana hali kitunguu akikiona. Binti kaacha nyama ila hajatangaza. Na mdogo asipewe mayai kabisa, yanamtoa vipele na midomo inavimba. Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga mayai kwa wote Jumamosi ileile, asubuhi. Baba yake alikuwa anajua "kuna kitu hakimpatani" lakini hakumbuki ni kipi. Kwa hiyo wewe ambaye una watoto wa huku na huku, uliza kwanza, mapishi baadaye.

Sasa ninavyofanya. Chungu kimoja ni cha msingi na hakina ugomvi ndani yake, yaani hakina pilipili, hakina nyama, hakina yai. Mara nyingi ni maharage au viazi na karoti kwenye mchuzi wa nyanya, na wali pembeni. Vingine vyote vinakaa kwenye mabakuli katikati ya meza, kuku aliyechambuliwa vipande vidogo, kabichi iliyokatwa nyembamba na ndimu, pilipili ya kusaga, tango. Kila mtu anajipakulia. Binti anapita bakuli la kuku bila mtu kumuuliza kwanini, mume wangu anajaza pilipili mpaka anatokwa jasho, mdogo anakula wali na mchuzi na tango 3 alizopanga mstari. Kitunguu nakikwangua kwenye kikwangulio kinayeyuka chote kwenye mchuzi. Nilimwambia kijana kwamba kimo, sikutaka kumdanganya, akasema "basi kama hakionekani sawa."

Kuku mmoja mzima anatutosha watu saba kwa sababu ya kuchambua. Ukipakua vipande, kila mmoja anataka paja na mapaja ni mawili tu. Ukichambua hakuna paja. Mifupa narudisha kwenye maji na kipande cha karoti, inachemka taratibu wakati tunakula, na hiyo ndiyo supu ya Jumapili mchana. Ya binti naitenga kabla, natumia maji ya mboga.

Mchele napima kwa kikombe, kikombe kimoja kikavu kinatoa karibu vitatu vya wali, kwa hiyo watu saba ni vikombe vitatu na kidogo, sikisii tena. Ukibaki siuachi juu ya jiko mpaka usiku. Nautandaza kwenye sinia upoe haraka, ndani ya lisaa uko frijini, maana wali ukikaa nje kwenye joto unaweza kukuumiza tumbo hata ukiupasha moto tena, na Jumapili naukaanga na kabichi iliyobaki. Maharage nachemsha mengi mara moja, bila kuunga, nagawa kwenye makopo naweka kwenye friza. Ijumaa wakiingia na mabegi yao mimi natoa kopo, naunga, nusu saa tumekaa.

Mchele uleule niliokuwa naumaliza wikendi moja na nusu sasa unafika wikendi tatu wakiwepo wote, na Jumamosi mchana nakaa sebuleni kama watu wengine. Kukata kabichi ni kazi ya binti na mwanangu mkubwa, walianza wenyewe, wanakata huku wanagombania ubao.

Wiki iliyopita mama yao ndiye aliyeniandikia, anaomba nimweleze ule mchuzi wa maharage nauungaje, mdogo amemsumbua tangu Jumatatu. Nimemwandikia yote, nyanya mwisho nikaiandika kwa herufi kubwa.