Nilivyoziokoa kompyuta mbili kati ya nne hapa Soweto, Mbeya

Kibanda changu cha gemu kipo Soweto, nyuma kidogo ya barabara kuu. Nilikianza kwa hela ya viazi, msimu mmoja mzuri kule Uporoto: kompyuta nne za mtumba, zile nyembamba zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya. Prosesa i5 ya kizazi cha pili ya mwaka 2011, ramu GB 4, Windows 7. Vijana walikuwa wakicheza Counter-Strike: Global Offensive, gemu ya kupigana risasi, kutwa nzima, maana gemu ile iliridhika na DirectX 9 (DirectX ni lugha ambayo gemu za Windows huzungumza na grafiki) na haikuwa na makuu.

Tarehe 27 Septemba 2023 Counter-Strike 2 ikachukua nafasi yake. Hii inataka Windows 10 ya biti 64, ramu GB 8, nafasi ya GB 85 kwenye diski na kadi ya grafiki, ile inayochora picha, inayoelewa DirectX 11. Kesho yake jioni kijana mmoja wa kidato cha tatu, mteja wa kudumu wa kompyuta ya dirishani, akaniita: "Kaka, mbona haifunguki?" Nikazijaribu zote nne. Hakuna iliyofunguka.

Tangu Machi mwaka ule Steam, programu tunayoshushia na kufungulia gemu hii, ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2024 haitahudumia tena Windows 7, 8 na 8.1, kwa sababu ndani ya programu yake mna vipande vya Chrome ambavyo havifanyi kazi kwenye Windows hizo. Tangazo nililiona, nikaliacha lipite. Hilo lilinigharimu.

Sehemu iliyonila siku nyingi ni kujua hasa kinachokataa ni kipi. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika dxdiag, na ukurasa wa kwanza ukanionyesha wazi kabisa: DirectX 11. Nikasema basi kadi inafaa, tatizo ni Windows tu. Fundi mmoja wa Mwanjelwa akanishauri nishushe DirectX mpya zaidi mtandaoni, nikamaliza bando la wiki bila mabadiliko yoyote. Ukurasa ule wa kwanza unaeleza DirectX iliyo ndani ya Windows, hausemi kadi yako inaweza nini. Kwenye Windows 7 inabidi uende ukurasa wa pili, wa Display, uangalie mstari wa DDI Version. Kwangu uliandikwa 10.1. Grafiki iliyojengwa ndani ya prosesa hizi, Intel HD 2000, inaishia hapo, na hakuna programu itakayoisogeza mbele. Ukimpa mgeni kamusi ya Kinyakyusa, hataweza kupiga soga na bibi yangu Tukuyu kwa sababu tu kamusi anayo mkononi.

Kwa hiyo nilihitaji vyote, Windows na kadi. Fedha zilitosha kompyuta mbili, na kwa kweli kuamua ni zipi kuliniuma, kwa sababu kila moja ina watu wake.

Kadi ya kwanza niliiagiza duka moja Dar, ikafika kwa basi. Nikafungua kasha nikiwa na furaha, kumbe ni ndefu kwenda juu, haiingii kwenye kompyuta nyembamba, tena inadai waya wake wa umeme ambao pawasaplai yangu haina. Duka likakataa kuirudisha. Nikamuuzia jamaa wa Uyole mwenye kompyuta kubwa, kwa hasara. Baada ya hapo nilipima kwa rula kabla ya kupiga simu. Kadi iliyonifaa ni GT 1030: fupi, inakula wati 30 tu, umeme wake unatoka kwenye ubao wenyewe. Ila ukienda kuinunua uwe macho, zipo za aina mbili kwa jina lilelile. Zinatofautiana kumbukumbu: yenye GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 haifiki hata GB 17, na kwenye gemu tofauti hiyo unaiona kwa macho. Dai pia kile kibati kifupi cha kufungia nyuma, maana wauzaji wengi wanabaki nacho. Nilizipata mbili, laki na themanini kila moja.

Nikaongeza ramu mpaka GB 8, nikaweka SSD, ile diski mpya ya kasi, ya GB 240, nikapiga Windows 10. Bila SSD usijisumbue, Windows 10 kwenye diski ya zamani inachosha mpaka mteja anaondoka.

Zikabaki zile GB 85. Kuzishusha mara mbili kwa bando ni kufunga biashara. Nikashusha mara moja, usiku, siku tatu mfululizo, kwenye kompyuta ya kwanza. Steam tangu Februari 2023 inaruhusu kompyuta moja kuchukua gemu kutoka kwa jirani yake kwenye mtandao wa ndani, basi nikaziunganisha kwa waya kupitia swichi, nikaingia akaunti ileile kwenye zote mbili, na ya pili ikavuta kila kitu hapohapo kibandani. Bando halikuguswa. Watu wa mitandao ya kasi hawawezi kuelewa furaha niliyokuwa nayo usiku ule.

Gemu inachezeka kwa mpangilio wa chini kabisa, 1280 kwa 720. Picha si nzuri sana, lakini hakuna anayelalamika.

Mbili zilizobaki sikuzitupa. Bado zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuipa masahihisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo nimezichomoa waya ya intaneti kabisa na chochote kinachoingia kinaingia kwa flashi niliyoikagua mwenyewe. Zinacheza PES 2013, gemu ya mpira, na Jumamosi foleni yake ni ndefu kuliko ya zile mpya.

Windows 10 nayo imefikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali prosesa zangu. Safari hii sikungoja. Kompyuta ya dirishani nimeiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye SSD ya pili, kwa kuwa Counter-Strike 2 ina toleo la Linux na GT 1030 inaelewa Vulkan, ambayo huko ndiyo inayoshika nafasi ya DirectX. Yule kijana sasa amemaliza kidato cha nne, ndiye anayenisaidia kuijaribu jioni baada ya kufunga. Jana mchezo ulikwenda dakika arobaini bila kukwama.