Safari ya Kilema Katika Majuma ya Majilio

Wengi wetu tuliotoka Kilimanjaro na kuishi Dar es Salaam hupanda mlimani kati ya tarehe 20 na 24 Desemba, wakati stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis imefurika watu na mamlaka ya usafiri inatoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada. Mwaka huu niliomba likizo mapema nikaondoka kwenda kwetu Kilema, kijijini mlimani, katika juma la kwanza la Desemba, majira ya Majilio, yaani kipindi cha kuingojea Krismasi. Nilitaka kuona Krismasi ya nyumbani ikiandaliwa, na kuwaona wanaoiandaa, kabla sisi wa mjini hatujafika na kukuta mbuzi amekwisha nona, pombe imekwisha iva na makaburi yamekwisha paliliwa.

Nilichagua treni. Basi lingenifikisha siku hiyohiyo, lakini treni hulala njiani na kumpa abiria nafasi ya kuzungumza na watu. Reli hii ilianzia Tanga wakati wa Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Kipande cha kutoka Ruvu hadi Mruazi, kinachoiunganisha na Dar es Salaam, kilikamilika mwaka 1963. Baadaye ilipita zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria, hadi huduma iliporejea Desemba 2019, na nadhani mwezi ule ulichaguliwa kwa kuwa kila mtu anajua Desemba Wachaga wanaelekea wapi.

Behewa letu lilijaa watoto. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akiwapeleka wanawe pamoja na watoto wa dada yake kwa bibi yao Uru, wazazi wengine wakitarajiwa kufuata siku mbili kabla ya sikukuu. Nilimuuliza kama bibi atawaweza wote.

"Kaka, bibi ndiye aliyewaita," alinijibu. "Anasema akikaa nao majuma mawili, wanajua majina ya watu. Wakija na sisi tarehe 24 wanakula nyama tu, wanarudi."

Maneno hayo nilikaa nayo usiku kucha. Juu ya vichwa vyetu palikuwa na mifuko ya mchele, madumu ya mafuta ya kula, sukari na vitenge, yaani vile vitu ambavyo mjini huonekana ndiyo zawadi inayotosha. Mtoto anayeletwa mapema hupelekwa mtoni na kutumwa kwa majirani, hukata majani ya ng'ombe, na hujua kaburi la babu mkuu liko upande gani wa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Kwa maoni yangu, huo ndio mzigo wenye thamani kuliko yote iliyokuwamo katika treni ile.

Korogwe na mashamba yake ya mkonge tulipita gizani. Kulipokucha tulikuwa na milima ya Pare mkono wa kulia, nyika bado mbichi kwa mvua za vuli, na tulipokaribia Kahe mawingu yakafunguka kidogo, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikaonekana nusu. Watoto walikimbilia dirishani, na wazee waliokuwa wamelala wakaamshwa.

Moshi mjini nilikuwa na agizo la mama: ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, ununuliwe soko la Mbuyuni, na ununuliwe sasa, kwa sababu bei hupanda kadiri sikukuu inavyosogea. Muuzaji alinimwagia kiganjani nikaung'ata, kama nilivyofundishwa, kuhakikisha ni mkavu na haujaingia mchanga. Mikrismasi ilikuwa imechanua kando ya barabara, maua mekundu matupu, na katika baraza za maduka mafundi cherehani walikuwa wameinama juu ya kazi. Fundi mmoja alinionyesha rundo la sare za kwaya za vigango mbalimbali, akasema kwamba ikifika katikati ya mwezi hapokei tena kitambaa cha mtu, hata awe ndugu yake, kwa kuwa kumwahidi mtu nguo ya Krismasi kisha akaikosa ni kumharibia mwaka mzima. Niliheshimu sana msimamo huo.

Gari la kupanda Vunjo lilipitia Himo, na kutoka hapo joto la tambarare likaanza kutuacha. Kilema ni mahali penye historia ndefu ya Ukristo wa mlima huu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1890, na kahawa ya arabika iliyokuja kusomesha watoto wa Kilimanjaro ilianza kupandwa katika bustani zao. Mwezi huu mikahawa ya huku juu ilikuwa ikichumwa kwa mara ya mwisho, na nyumba kadhaa zilikuwa na mikeka ya kahawa iliyoanikwa nje. Fedha ya machumo hayo ya mwisho, ijapokuwa kidogo, ndiyo hununua viatu vya watoto na kulipia dume la mbuzi.

Jumapili ya pili ya Majilio nilikwenda Misa na mama. Padre alivaa zambarau, mshumaa wa pili katika taji ukawashwa, na wimbo wa Utukufu haukuimbwa, kwa sababu katika Jumapili za Majilio Kanisa huunyamazia hadi usiku wa Noeli. Jioni yake, hata hivyo, nilipita karibu na ukumbi ambamo kwaya hufanya mazoezi nikausikia wimbo huohuo ukirudiwa kipande kwa kipande, sauti ya tatu ikirudishwa nyuma kila ilipoteleza. Wanakwaya hao hutoka shambani, hukamua ng'ombe, kisha hutembea gizani na tochi kwenda kujifunza wimbo ambao hawaruhusiwi kuuimba kanisani bado. Sisi tunaofika tarehe 24 huusikia ukiwa umekamilika na kusema kwaya ya nyumbani inaimba vizuri.

Katika matangazo, jumuiya ndogo ndogo zilipangiwa zamu za kufanya usafi kanisani na kutangaziwa siku za kitubio. Kisha ikasaliwa sala kwa ajili ya watoto walioko safarini na watakaoanza safari. Mama alifumba macho muda mrefu. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ina kilomita zaidi ya 500, na kila Desemba wazee wa huku husikiliza taarifa za habari kwa hofu ambayo hawatuambii kwenye simu.

Kazi kubwa niliikuta kihambani. Mama huhesabu siku akianzia Krismasi na kurudi nyuma. Mbege ikinywewa tarehe 25, ulezi hauna budi kuchanganywa tarehe 23 au 24. Kabla ya hapo ndizi zilizochemshwa zinahitaji siku kadhaa za kukaa ndani ya pipa, na kabla ya kuchemshwa zinahitaji takriban juma zima la kuiva zikiwa zimefunikwa. Kwa hiyo mikungu inakatwa majuma mawili kabla. Asubuhi moja tulizunguka naye migombani, akinionyesha ipi ya pombe, ipi ni mshare wa mtori na ipi iachwe kwa ajili ya machalari ya siku ya pili, huku akinikumbusha nisikanyage mfongo, mfereji wa kumwagilia, uliokuwa umefunguliwa zamu yetu ya maji. Ulezi niliouleta uliloweshwa siku hiyohiyo ili uote, ukaushwe na kusagwa. Ganda la msesewa, linaloipa mbege uchungu wake, aliahidiwa na jirani.

"Baba, wewe ukija unakuta kata ya mbege imejaa," mama aliniambia akifunika ndizi. "Nafurahi umekuja kuona inakojazwa."

Mke wa mdogo wangu, aliyebaki kihambani, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hizo, na mara nyingi jina lake halitajwi tunaposhukuru. Yeye ndiye aliyemlisha dume letu la mbuzi majani na maganda ya ndizi tangu katikati ya mwaka, na ndiye aliyekuwa ameanza kupalilia makaburi. Nilishika jembe tukamaliza pamoja kaburi la baba.

Kuna kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Ndugu wawili wa ukoo wetu walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mzee wa ukoo alikuwa amekwisha mtuma kijana apeleke jani la isale kwa mkubwa wao, na Mchaga akiletewa isale haimpasi kukataa msamaha. Mzee alinieleza kwamba jambo hilo lazima limalizwe kabla watu hawajafika, kwa sababu mbuzi wa ukoo hagawanywi kati ya watu wenye kinyongo. Walikutana jioni ya tarehe 9, siku ya Uhuru, redio ya jirani ikikumbusha jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyousimamisha mwenge juu ya kilele hiki mwaka 1961. Walipeana mikono, na mpaka ukapandwa isale mpya mbele ya mashahidi.

Usiku kabla ya kuondoka nilikaa na mama pamoja na shemeji yangu, nikayaandika katika kundi la WhatsApp la ukoo mambo yote yaliyobaki: ndizi zitachemshwa tarehe 18 na zinahitaji watu wa kuni na wa kukoroga, jiko linavuja na linahitaji bati mbili, mikahawa ya upande wa juu haijamaliziwa kuchumwa, watoto walioko likizo watumwe sasa, bibi yao anawasubiri. Nilimtaja shemeji kwa jina na kazi zake moja baada ya nyingine. Kaka mkubwa alijibu kwanza, akasema bati atanunua Moshi mwenyewe na kwamba atafika tarehe 17. Dada yangu wa Arusha aliandika kwamba wanawe watapanda gari keshokutwa asubuhi, nami nikashuka Himo kulipokucha, nikiwa nimemwachia shemeji namba ya dereva atakayewaleta.