Akaamuru Apewe Chakula

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Marko 5:35-43, na nawaomba mstari wa mwisho muusome polepole. Binti wa Yairo, mwenye miaka 12, ameinuka kutoka wafu na nyumba nzima imepigwa na butwaa. Yesu anawaonya sana mtu asijue habari hiyo, kisha anaamuru apewe chakula.

Tangu Shule ya Jumapili nimesikia somo hili likihubiriwa, na mara nyingi mahubiri huishia kwenye "Talitha, kumi", yaani "Msichana, inuka". Hilo la chakula nimelielewa nikiwa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi.

Huko ndiko naenda kujitolea kila Jumamosi, kwenye kituo kidogo cha watoto. Tunapakua githeri, tunawasomesha wadogo, tunaosha masufuria. Wazazi wengi ni vibarua wa viwandani pale jirani, au wanafulia watu nguo kwenye maghorofa ya Pipeline. Siku kazi ikikosekana, jiko haliwashwi. Siku yangu ya kwanza nilimpakulia msichana mmoja sahani ikajaa. Alikula nusu, akasimama. Akatoa mkebe wa siagi kwenye begi, akaanza kuhamisha githeri kwa kijiko, mahindi na maharagwe, bila kuangusha hata punje. Nikamwambia, "Maliza, mamii, iko nyingine." Akasema, "Hii ni ya Baby," akafunga mkebe na kuukandamiza kifuniko kwa viganja viwili. Mama anayetupikia hakusema neno. Alichukua upawa, akamjazia sahani tena.

Sasa niwaambie jambo linalonisumbua mpaka leo. Mwaka jana nilikuja na marafiki kutoka ushirika wetu, tumebeba unga na sukari. Tukawapanga watoto mstari, kila mmoja na pakiti yake, tukapiga picha. Msichana yule alijificha uso nyuma ya unga, nami nikamwambia, kwa sauti tamu kabisa, "Shusha kidogo tukuone." Jioni picha zikasambaa kwenye makundi yetu ya simu na watu wakaandika amina. Haikupita wiki, zikafika kwa watoto anaosoma nao, wakaanza kumwita "wa unga". Nilienda kwao kuomba msamaha. Mama yake alinikaribisha, akaniwekea kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Unga tulikula ukaisha, mwalimu. Picha bado iko."

Nimerudi kwenye Marko na maneno hayo moyoni. Kabla ya kumshika mtoto mkono, Yesu aliwatoa nje waliokuwa wakilia na kumcheka. Alimfanyia msichana yule tendo kuu kuliko lolote tutakalowahi kufanya, halafu akazuia lisitangazwe. Naamini alikuwa anamlinda pia. Alitaka aweze kutoka mlangoni kesho yake kama mtoto mwingine yeyote, bila umati kumnyoshea kidole.

Tena tazameni aliowaingiza chumbani: wanafunzi watatu, na baba na mama. Wazazi hawakuachwa uani. Sisi tunaotoka mitaa yenye lami tuna tabia ya kumwona mtoto wa Mukuru kana kwamba hana kwao, tukawaza haraka kumpeleka makaoni. Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na juhudi zikaelekezwa kuwalea ndani ya familia. Mtoto anayemwekea Baby chakula mkebeni ana kwao. Ukitaka kumsaidia, uliza mama yake amekosa nini.

Lakini tusichanganye mambo. Kunyamaza kwa Yesu kulimhifadhi mtoto, hakukumhifadhi mkosaji. Mtoto akikwambia anapigwa au anaguswa vibaya, usimwahidi kwamba utaifanya siri, wala usiipeleke kwenye kundi la maombi. Mwambie msimamizi wa kituo na ofisi ya watoto siku hiyo hiyo, au piga 116, simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, haitozwi pesa. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu kanisani tumezoea kusema "tuombe tu", na mtoto anarudi usiku kwenye nyumba ile ile.

Simu yangu siku hizi naiacha kwenye begi, ndani ya stoo. Ilichukua wiki kadhaa kabla ya msichana yule kuniangalia usoni tena. Jumamosi iliyopita alikuja kusimama kando yangu nikiosha masufuria, akachukua kitambaa, akaanza kukausha. Baada ya muda akauliza, "Mwalimu, wiki ijayo utakuja?"

Nikamwambia nitakuja.

Maharagwe tunayachambua Ijumaa jioni ili yalale majini. Tuko watatu, na gunia ni kubwa. Mwenye nafasi aniambie, tutakutana steji ya Pipeline saa kumi na moja.