Sensa ya mashine ya barafu: pima kwanza, gesi iache

Friji yenye mashine ya barafu ikiacha kudondosha barafu, ushauri wa kwanza utakaoupata Dar es Salaam ni kwamba gesi imepungua. Ushauri huo unaniudhi, maana unawatoa watu fedha kwa kitu kizima. Gesi ikipungua, friza yote inalegea na nyama inalainika. Kama nyama ni ngumu kama jiwe ila trei ya barafu haigeuki, gesi haihusiki.

Mimi naanza kwa kuitazama trei. Ikiwa kavu, sensa ya joto iliyo chini yake haina kosa, tafuta maji. Mashine nyingi zinataka presha ya kuanzia bar 1.4 hivi, na tenki lililo mita 4 juu ya friji linatoa bar 0.4 tu. Lakini ukikuta barafu imeganda vizuri na trei imegoma kuigeuza, au vipande vinaanguka bado vina maji katikati kisha vinashikana bonge moja kwenye bakuli, hapo sensa ndiyo ya kupimwa.

Sensa yenyewe ni punje ndogo yenye nyaya mbili, imebanwa chini ya trei na kufunikwa kipande cha povu. Baridi ikizidi, ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, unapanda, na kwa kuusoma ukinzani huo bodi ya umeme inayoiendesha mashine inajua maji yameganda. Ikisoma chini kuliko kawaida, bodi inaamini trei bado ina joto na inangoja bila mwisho. Ikisoma juu mno, trei inamwagwa mapema. Dalili hizo mbili zina chanzo kimoja, sensa inayoharibika kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo usikimbilie kununua mashine nzima.

Chomoa friji ukutani, kisha chomoa soketi ya sensa kwenye bodi. Ukiipima ikiwa bado imeungwa, rezista za bodi zinaingia kwenye hesabu na mita yako ya kupimia ukinzani inakudanganya. Kama soketi imeganda, iyeyushe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Bisibisi usiitumie kuchokonoa, plastiki yenye baridi hupasuka kirahisi.

Kupima kwa joto la chumba peke yake hakutoshi. Sensa mbovu inaweza kusoma sawasawa ikiwa na joto na kukosea ikipoa. Njia ninayoiamini ni ya kikombe. Ponda barafu iwe kama chenga, jaza kikombe hadi juu, ongeza maji ya kuziba nafasi tu, koroga. Mchanganyiko huo unakaa kwenye nyuzi 0 kwa muda mrefu, ndiyo maana hauhitaji kipimajoto. Maji mengi yenye vipande vitatu vya barafu vinavyoelea si kitu kimoja na huo, yanaweza kuwa nyuzi 5 na ukaihukumu sensa nzima kuwa mbovu. Tumbukiza kichwa cha sensa, iache dakika 5, kisha soma.

Sensa ya omu 5,000 (omu ni kipimo cha ukinzani) kwa nyuzi 25 inapaswa kufika karibu 16,000 kwenye nyuzi 0. Ya omu 10,000 hufika karibu 32,000. Ile ya 2,700, ambayo Whirlpool wameitumia sana, hufika karibu 8,000. Kumbuka chumba cha Dar mara nyingi kiko nyuzi 30, kwa hiyo sensa nzima ya 5,000 itakuonyesha kama 4,000, na hilo si kosa. Kama huijui namba ya kiwandani, angalia uwiano: kutoka nyuzi 30 hadi 0 ukinzani unapanda mara nne hivi.

Usiitoe haraka. Endelea kuitazama mita. Ikifika 16,000 kisha ikaanza kuteremka taratibu, 15,000, 13,000, wakati barafu bado imejaa kikombe, kichwa kimepasuka na maji yanaingia. Hiyo haitengenezeki, badilisha.

Ikitulia vizuri, hamia kwenye waya, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Kwenye trei inayojipinda ili kumwaga barafu, waya wa sensa unapindwa kila barafu inapomwagwa, na shaba hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Sensa ikiwa bado kikombeni, pinda waya polepole pale unapopita kwenye ekseli ya trei. Namba ikirukaruka au mita ikionyesha haina mwisho, umepata. Kata hapo, unga kwa lehemu, funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Selotepu ya umeme inabanduka kwenye baridi na kuingiza unyevu.

Sensa na waya vikiwa salama, ipime bodi kwa potenshometa, yaani rezista ya kuzungushwa kwa mkono, ya omu 100,000, ya bei ya soda tu Kariakoo. Iweke 16,000 kwanza kwa mita, iunge mahali pa sensa ya 5,000, rudisha umeme, kisha ipandishe polepole kupita 40,000. Bodi itadhani trei imeganda. Baadhi ya bodi hungoja pia muda wao, hata saa nzima, kwa hiyo subiri. Trei ikigeuka, bodi na mota ni vizima. Isipogeuka kabisa, angalia mota na gia kabla ya kuishuku bodi.

Sensa mpya ni ya shilingi elfu chache, mashine nzima ni laki kadhaa. Nunua yenye omu zilezile, umbo tu halitoshi. Wakati wa kuifunga, ibane igusane na sakafu ya trei na urudishe lile povu. Likikosekana, upepo wa feni unaipiga sensa moja kwa moja, inasoma baridi ya hewa badala ya ya trei, na utarudi kwenye vipande vyenye maji katikati. Baada ya hapo ipe friji siku nzima, tupa barafu ya mizunguko ya kwanza, kisha vunja kipande kimoja uone kama kimeganda hadi ndani.