Uzoefu wangu: Nilivyozoeza mkono katika maabara ya kemia mwaka wa kwanza chuoni

Nilipoingia mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi na ualimu jijini Dar es Salaam, kemia ya kwenye mihadhara haikunitisha, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa mwendelezo wa niliyoyasoma kidato cha tano na cha sita. Kilichonitoa jasho ni vipindi vya maabara. Titresheni (kudondosha mmumunyo mmoja kwenye mwingine hadi mmenyuko ukamilike, ili kujua nguvu yake), kasi ya mmenyuko na uchambuzi wa chumvi (kutambua chumvi imeundwa na nini) nilikuwa nimezifanya sekondari, lakini tulizifanya kwa vikundi: bureti moja (mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini), wanafunzi wengi, na aliyekuwa na mkono mwepesi ndiye aliyeshika koki huku wengine tukinakili namba. Chuoni kila mtu alisimama na vifaa vyake, akapima peke yake, na jibu lake likalinganishwa na thamani ambayo yeye hakuijua.

Aliyenisaidia zaidi hakuwa mhadhiri bali mtaalamu wa maabara, mama wa makamo aliyeandaa kemikali zetu kabla hatujafika. Niliomba ruhusa ya kubaki baada ya kipindi ili nifanye mazoezi ya titresheni, naye akanijibu, "Mwanangu, kabla hujagusa asidi, nipimie maji kwanza." Nilidhani ananipunguza kasi tu. Kumbe alikuwa ananipa zoezi ambalo hadi leo naliona ndilo bora kuliko yote kwa anayeanza.

Zoezi lenyewe ni hili. Unapima chupa kavu yenye kizibo kwenye mizani, unaingiza humo mililita 25 za maji kwa pipeti (mrija wa kioo wa kupimia ujazo maalumu), unafunga, kisha unapima tena. Kwa joto la nyuzi 28 hivi, ambalo ni la kawaida kwetu pwani, maji hayo huwa na uzito wa karibu gramu 24.9. Hata hivyo, la muhimu si kuipata namba hiyo hasa, kwa sababu pipeti ya daraja B (la usahihi wa chini kuliko daraja A) ya ujazo huo inaruhusiwa kukosea hadi mililita 0.06 tangu kiwandani, na kosa la kioo hujirudia vilevile kila mara. La muhimu ni namba zako zinakaribiana kiasi gani ukirudia. Ukipata 24.89, kisha 24.72, kisha 24.93, pipeti haijabadilika. Kilichobadilika ni mkono, na mizani imekuonyesha hivyo bila kumsubiri mwalimu asahihishe.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kila tofauti inatoka wapi. Nikiinamisha pipeti badala ya kuisimamisha wima, maji mengi zaidi yalibaki ndani. Nikiiondoa mara tu yanapoacha kutiririka, bila kusubiri sekunde chache ncha yake ikiwa imegusa ukuta wa chupa, uzito ulipungua. Nikipuliza lile tone la mwisho linalobaki kwenye ncha, uzito ulizidi, kwa kuwa pipeti iliyoandikwa "Ex" imesanifiwa kutoa ujazo wake huku tone hilo likibaki. Chupa ya ujazo, kwa upande mwingine, huandikwa "In", yaani ujazo ni ule uliomo ndani yake, si ule utakaomiminika ukiigeuza. Alama hizo ndogo nilikuwa nimezipita kwa miaka bila kuziuliza zina kazi gani.

Mizani nayo ina adabu zake. Ile ya desimali nne huyumbishwa na upepo wa feni ya dari, kwa hiyo milango yake ya kioo hufungwa kabla ya kusoma, na tulikubaliana mezani kwetu kwamba anayepima anazimiwa feni hata kama wengine wanavuja jasho. Chombo kilichotoka kwenye tanuri hakipimwi kikiwa cha moto, kwa sababu hewa inayokizunguka hupanda juu na kukifanya kionekane chepesi kuliko kilivyo. Na ukitaka kuelewa kwa nini sodiamu haidroksaidi haiwezi kutumika kuandaa mmumunyo sanifu (ule ambao nguvu yake inajulikana kwa usahihi) moja kwa moja, iweke kidogo kwenye mizani jijini Dar es Salaam wakati wa masika: utaona namba inapanda mbele ya macho yako, maana punje zake zinanyonya unyevu wa hewa, na kaboni dayoksaidi pia, hadi zinaanza kung'aa kwa majimaji.

Mmumunyo sanifu wa kwanza niliouandaa ulikuwa wa sodiamu kaboneti kavu: gramu 1.325 katika mililita 250, ambayo ni molari 0.05 (moli 0.05 kwa lita; moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali), hivyo kila mililita 25 zake zinahitaji mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye kuhakikisha kwamba unga wote uliopimwa umefika kwenye chupa, yaani kuyeyusha kwenye bika, kumimina kwa faneli, kusuuza bika na faneli mara kadhaa na kumimina masuuzo yote humo humo, kujaza hadi alama, kisha kuigeuza chupa juu chini mara nyingi, kwa sababu mmumunyo usiochanganyika vizuri hukupa majibu tofauti kutoka chupa ile ile.

Suala la kusuuza liliwachanganya wenzangu wengi, nami nililishika pale tu nilipojiuliza kila chombo kinalinda nini. Bureti na pipeti husuuzwa kwa mmumunyo utakaowekwa ndani, kwani maji yaliyobaki yangeupunguza nguvu. Chupa ya koni, ambamo titresheni hufanyika, husuuzwa kwa maji tu, na si lazima ikauke, kwa kuwa kinachohesabiwa humo ni idadi ya moli zilizoingizwa, na maji ya ziada hayaongezi wala kupunguza moli hata moja.

Kuhusu kikomo cha titresheni, yaani pale rangi inapobadilika kuonyesha mmenyuko umekamilika, kati ya viashiria vinavyobadili rangi, methili oranji ilinihangaisha kuliko fenolithaleni, ambayo hutoka kwenye waridi na kuwa bila rangi waziwazi. Methili oranji hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4, kutoka njano kwenda nyekundu, na rangi ya katikati kila mtu huiona kwa namna yake, hasa jioni chini ya taa. Dawa yake ilikuwa kuweka kando chupa ya ulinganisho yenye rangi niliyoamua kuwa ndiyo kikomo, juu ya kigae cheupe, na kuifikia rangi hiyo hiyo kila mara. Karibu na kikomo nilijifunza kufungua koki kidogo sana hadi nusu tone lining'inie, kuligusisha kwenye ukuta wa chupa, na kulisukuma ndani kwa maji. Tone zima ni kama mililita 0.05, yaani asilimia 0.2 ya mililita 25, kwa hiyo nusu tone si ushamba.

Uchambuzi wa chumvi ulihitaji subira ya aina hiyo hiyo. Anayemwaga amonia kwa wingi kwenye mmumunyo wa zinki hukuta maji maangavu na kudhani hakuna kilichotokea, ilhali mashapo meupe (chembe ngumu zinazojitenga na maji) yalikuwepo kwa muda mfupi kabla ya kuyeyuka. Ya aluminiamu yangebaki, na tofauti hiyo ndiyo swali lenyewe.

Mwishowe nilibadilisha namna ya kuandika daftari. Niliandika usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa bureti kwa kalamu, hadi desimali mbili, kabla ya kutoa, na namba niliyoikataa niliikata kwa mstari mmoja unaosomeka, pamoja na sababu. Msimamizi wa kipindi alikuwa akianzia kwenye safu hizo kabla ya kutazama jibu, na ripoti yangu moja ambayo jibu lake lilipita kidogo thamani iliyotarajiwa ilirudi na alama nzuri, akiwa amezungushia duara titresheni tatu zilizotofautiana kwa mililita 0.05 tu.